Sabuni ya Maji ya Kunawia Mikono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayetengeneza au kuuza sabuni ya maji huulizwa maswali haya kila wiki: dukani, kwenye simu, kwenye mafunzo ya vikundi vya akina mama. Tumeyaweka pamoja kuanzia ya msingi hadi yale ya nadra. Mwenye haraka asome la 4, la 6 na la 11.

## Ya msingi

1. Sabuni ya maji ya kunawia mikono ni nini hasa?

Sehemu kubwa ya chupa ni maji tu. Ndani yake kuna malighafi za povu, ambazo ndizo zinazosafisha, kitu cha kulainisha ngozi kama glisirini, chumvi ya kuifanya iwe nzito, dawa ya kuzuia isioze, rangi na manukato.

Kikemia, sabuni nyingi za maji zinazouzwa leo si sabuni kamili. Sabuni yenyewe hupatikana mafuta yanapopikwa na kostiki soda, ikatoka kipande kigumu, au na kostiki potashi, ikatoka sabuni laini au ya maji. Zile za madukani hutumia zaidi malighafi za viwandani kama slesi, ambayo Kenya wengi huijua kwa jina la ungarol. Hilo lisikutishe. Mkononi zinafanya kazi ileile, na kwa ngozi mara nyingi ni pole zaidi.

2. Si sawa na sabuni ya maji ya vyombo?

Hapana, ingawa hapa kwetu mkanganyiko huu ni mkubwa. Nenda dukani useme "nipe sabuni ya maji". Utapewa ile ya matumizi yote, inayoosha vyombo, inayodeki sakafu na kusugua choo. Hiyo imetengenezwa ing'oe mafuta ya sufuria. Mkononi pia itang'oa mafuta, na yale ya ngozi yako yataondoka pamoja na ya nyama.

Ukinawa nayo mara moja baada ya kula hakuna neno. Kuifanya ndiyo sabuni ya mikono ya nyumba nzima, mara nane kwa siku, ndiko kunakoleta malalamiko ya swali la 17. Kama unataka ya mikono, iombe kwa jina lake na usome lebo.

3. Ilianza lini?

William Sheppard wa New York alipata hataza ya sabuni ya maji mwaka 1865. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo ilibaki zaidi kuwa kitu cha vyoo vya umma, hospitali na ofisi. Iliingia majumbani kwa kishindo mwaka 1980, kampuni ndogo ya jimbo la Minnesota, Marekani, iitwayo Minnetonka, ilipoanza kuuza Softsoap kwenye chupa ya kubonyeza.

Mkuu wa kampuni hiyo, Robert Taylor, alijua kuwa sabuni yenyewe ingeigwa na makampuni makubwa ndani ya miezi michache. Kwa hiyo hakulinda sabuni, alilinda pampu. Aliagiza takriban pampu milioni 100, oda iliyowajaza kazi watengenezaji wa pampu kiasi kwamba washindani wake hawakupata za kutumia. Mwaka 1987 Colgate-Palmolive ikainunua biashara hiyo. Kisa hiki tunapenda kukisimulia kwa sababu kinaeleza jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: kilichowavuta watu kilikuwa chupa, zaidi ya kilichomo. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi hukohuko.

## Inavyofanya kazi mkononi

4. Inaua vijidudu au inaviondoa tu?

Hasa inaviondoa. Kila chembe ya sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Upande wa mafuta unashika uchafu, jasho na mafuta ambayo vijidudu vimejishikiza humo. Upande wa maji unavuta kwenda na maji. Ukisugua, uchafu unanyanyuka. Ukisuuza, unaondoka. Ndiyo maana kusugua na kusuuza ni nusu ya kazi, na sabuni iliyopakwa kisha ikafutwa kwa leso haijafanya kitu cha maana.

Vipo hata hivyo vijidudu ambavyo sabuni inaviharibu kabisa. Virusi vya korona, vya mafua na vya Ebola vimefunikwa kwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Virusi visivyo na utando kama huo, mfano norovirusi inayoleta kutapika na kuhara, ni sugu zaidi. Kwa hivyo dawa ni kuvisugua na kuvisuuza viende zake.

5. Ni kweli sabuni ya kipande ni chafu?

Kipande kinachokaa kwenye maji yake kinaweza kuwa na bakteria juu, ni kweli. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulichukua vipande vilivyopakwa bakteria makusudi, watu wakanawa navyo, na bakteria wale hawakuonekana kuhamia mikononi. Wanasuuzwa pamoja na uchafu mwingine. Nyumbani, kipande kilichowekwa kwenye kisahani chenye matundu kikakauka hakina tatizo. Muuzaji anayekutisha na kipande ili ununue chupa anakuuzia hofu.

6. Basi faida ya sabuni ya maji ni ipi?

Faida yake ni urahisi, na urahisi si jambo dogo. Msibani, shuleni, kwenye zahanati au kibandani kwa mama ntilie, watu hamsini hawatashika kipande kimoja kilicholowa bila kuguna, na wengine wataamua kunawa maji matupu. Chupa inaondoa kisingizio hicho. Anayeminya anapata sabuni yake mwenyewe ambayo hakuna aliyeigusa.

Haidondoki mchangani, haitelezi mkononi mwa mtoto, haiyeyukii kwenye beseni. Inatoa povu haraka hata kwa maji kidogo, jambo ambalo mnawishaji mwenye birika moja na foleni ya wageni analielewa bila kufundishwa. Tena inaweza kutengenezwa iwe karibu na asili ya ngozi, ambayo ina ukali kidogo wa tindikali, kati ya pH 4.7 na 5.7 hivi (kwenye kipimo hiki chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni alkali). Sabuni ya kipande ya kawaida iko kwenye 9 hadi 10.

Hasara nazo zipo. Watu huimimina zaidi ya wanavyohitaji, chupa ya plastiki inaongeza takataka, na kwa pesa ileile kipande hudumu zaidi. Kwa familia ya watu watatu wanaojuana, kipande kinatosha kabisa.

7. Ninawe kwa muda gani, na sabuni kiasi gani?

Lowesha mikono, bonyeza mara moja (mara mbili ikiwa mikono imejaa mafuta), sugua sekunde 20, suuza, kausha. Shughuli nzima, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, inachukua sekunde 40 hadi 60. Sehemu zinazosahaulika ni dole gumba, katikati ya vidole, chini ya kucha na mgongo wa mkono. Mtazame mtu anayenawa kwa haraka: anasugua viganja viwili kana kwamba anaota moto, basi.

Kukausha nako ni sehemu ya kunawa, kwa kuwa mkono mbichi hubeba na kuachia vijidudu kirahisi kuliko mkavu. Taulo moja la pamoja linaloning'inia bafuni wiki nzima linarudisha ulichokiondoa. Kupunga mikono hewani ni bora kuliko hilo.

8. Lazima maji yawe ya moto?

Hapana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, uliochapishwa 2017, ulilinganisha maji ya nyuzijoto 15, 26 na 38 na haukukuta tofauti katika kuondoa bakteria. Maji ya moto hung'oa mafuta ya ngozi haraka zaidi. Ya bombani yanatosha.

9. Ile iliyoandikwa kuwa inaua bakteria ni bora zaidi?

Kwa nyumbani, hapana. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizuia viambato 19 kwenye sabuni za aina hiyo za kunawia zinazouzwa kwa wananchi, vikiwemo triklosani na triklokabani. Watengenezaji walishindwa kuonyesha kuwa vinafanya kazi kuliko sabuni ya kawaida na maji, na usalama wa kuvitumia kila siku ulikuwa na mashaka. Hospitali zina mahitaji yake, kama kloroheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya upasuaji. Wewe unayeenda kukanda chapati huhitaji kulipia neno hilo kwenye lebo.

10. Kitakasa mikono kinaweza kuchukua nafasi yake?

Njiani, kwenye daladala au matatu, ndiyo, iwapo kina alkoholi isiyopungua asilimia 60 na mikono haina uchafu unaoonekana. Kikipakwa juu ya matope, mafuta au damu, hakifiki kwenye ngozi. Pia ni dhaifu dhidi ya norovirusi. Ukitoka chooni, ukimbadilisha mtoto nepi au ukimhudumia mgonjwa wa kuhara, nawa kwa maji na sabuni.

## Chupa na matumizi ya kila siku

11. Naweza kuongeza maji ili idumu?

Hili ndilo swali namba moja, na mara nyingi huulizwa baada ya maji kuwa yameshaongezwa.

Wote tunaijua ile chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifuniko kwa msumari wa moto, imekaa juu ya meza ya kibanda cha chakula karibu na ndoo yenye koki. Asubuhi sabuni yake ni ya kijani iliyoiva na inatoka kwa kujivuta. Saa saba mchana, wateja wakiwa wamejaa, imeshaongezwa maji mara kadhaa. Ukiminya inaruka kama maji, ina harufu ya limau lakini haina povu. Mteja ananawa, anakula ugali kwa mkono, na mafuta ya samaki wa jana bado yako kwenye kucha.

Ukiongeza maji unapunguza malighafi ya kusafisha, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kwamba unapunguza pia dawa ya kuzuia kuoza, ambayo ilipimwa kwa ujazo ule wa mwanzo, huku maji ya ndoo yakiingiza bakteria wapya. Siku chache baadaye chupa ya sabuni inaweza kuwa makazi ya bakteria. Ikiwa lazima uongeze maji, chukua kiasi cha siku moja, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na jioni mwaga kinachobaki. Njia halali ya kubana matumizi iko kwenye swali la 13 na la 16.

12. Chupa ikibaki robo, nijazie juu yake?

Usijazie. Tumia mpaka iishe, ioshe chupa na pampu kwa maji safi, iache ikauke kabisa, ndipo ujaze. Utafiti uliochapishwa 2011, uliofanywa kwenye shule moja ya msingi Marekani, ulikuta kuwa wanafunzi na wafanyakazi walionawa kwa sabuni iliyochafuka kutoka kwenye vifaa vya ukutani vya kujazia walitoka na bakteria wengi mikononi kuliko kabla ya kunawa. Kwenye ofisi, shule na misikiti, ambako chombo kinajazwa kutoka dumu la lita 20 mwaka baada ya mwaka bila kuoshwa, jambo hili ni la kusimamiwa na mtu mwenye jina.

13. Chupa ya povu ina maana yoyote?

Ina maana. Pampu yake huchanganya sabuni nyepesi na hewa, kwa hiyo unatumia sabuni kidogo kwa kila mbonyezo na kusuuza kunakuwa rahisi. Watoto wanaipenda. Nunua ile iliyotengenezwa iwe nyepesi. Sabuni nzito itaziba pampu, na ukiipunguza mwenyewe unarudi swali la 11.

14. Maji ya kisima chetu yana chumvi na sabuni haitoi povu. Inasafisha kweli?

Hili ni la watu wa pwani hasa, Dar es Salaam, Mombasa, Unguja. Maji hayo hubeba kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ya mafuta, iwe mche au kipande, hushikana nayo na kuacha vitu vyeupe vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika. Sehemu ya sabuni yako inaishia hapo kabla haijagusa uchafu. Sabuni ya maji ya slesi haisumbuliwi sana: povu litapungua, usafi upo. Povu ni dalili tu, lisiwe kipimo chako. Kipimo ni mkono kutoteleza kwa mafuta baada ya kusuuza.

15. Inaharibika?

Ndiyo. Ya kiwandani isiyofunguliwa kwa kawaida hukaa miaka miwili hadi mitatu. Ikishafunguliwa, tafuta kwenye lebo mchoro wa kikopo kilicho wazi wenye namba kama 12M, maana yake miezi 12. Ikibadilika harufu, ikijitenga matabaka au ikifanya utando juu, mwaga.

16. Hela ya sabuni ya mikono haipo. Nifanyeje?

Chukua chupa tupu ya lita moja na nusu, weka gramu 30 za sabuni ya unga ya kufulia, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko. Maji hayo ya sabuni yalipimwa Bangladesh na yakaonekana kuondoa bakteria mikononi sawa na kipande. Iweke kando ya kibuyu chirizi (dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu) karibu na choo. Kwa mikono yenye vidonda au pumu ya ngozi haifai. Kwa nyumba nyingine ni suluhisho lenye heshima zake, na kwa maoni yetu linastahili kutangulia sabuni yoyote yenye rangi ya waridi na harufu ya stroberi.

## Ngozi

17. Kwa nini mikono yangu inakauka na kupasuka?

Ama sabuni ni ya vyombo (swali la 2), ama unatumia nyingi mno, ama husuuzi vizuri ikabaki kati ya vidole na chini ya pete. Badilisha sabuni, vua pete, na ukishakausha paka mafuta mikono ikiwa bado na unyevunyevu kidogo. Mafuta ya mgando au ya nazi yanatosha.

Ikiwasha au kutoa vipele, mshuku manukato na dawa ya kuzuia kuoza kabla ya kumshuku mtu aliyekuangalia vibaya. Dawa moja, inayoandikwa methylisothiazolinone kwenye lebo, ilisababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha, na kuiwekea kikomo kidogo sana kwenye vya kusuuza. Vipele visivyoisha ni vya kumwonyesha daktari wa ngozi.

18. Inafaa kwa mtoto mchanga au mwenye pumu ya ngozi?

Chagua isiyo na manukato wala rangi, tumia kidogo, suuza sana. Mtoto mchanga kwa kawaida hahitaji sabuni mikononi. Anayemshika ndiye anayehitaji.

19. Itafuta hina yangu?

Itaifanya ififie mapema, kama sabuni nyingine yoyote. Bibi harusi anaweza kusaidiwa kuosha vyombo wiki hiyo, lakini kunawa baada ya choo hakuna msamaha.

## Kununua na kutengeneza

20. Sabuni nzito ndiyo bora?

Uzito unaletwa na chumvi. Ukiweka chumvi kwenye slesi inazidi kuwa nzito, inafika kilele, na ukizidisha hapo inarudi ghafla kuwa majimaji. Kila aliyewahi kutengeneza anaujua mshtuko huo. Kwa hiyo sabuni inaweza kuwa nzito na dhaifu, au nyepesi na imara. Jaribu kwa mafuta ya kupikia: paka tone kiganjani, nawa kwa mbonyezo mmoja, uone.

21. Nitajuaje ya mtaani kama ni salama?

Tafuta alama ya ubora (TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya, UNBS kwa Uganda), jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe na namba ya toleo. Watengenezaji wadogo wengi ni wazuri, na mzuri hakasiriki ukimuuliza anapima pH kwa kifaa gani na anatumia dawa gani ya kuzuia kuoza. Akijibu fomalini, nunua kwingine. Inachoma macho na kuleta mzio, na kwenye sabuni ya mikono haina kazi ya kuihitaji.

22. Naweza kutengeneza mwenyewe?

Unaweza, ila anza na ya slesi na glisirini, achana na salfoniki. Salfoniki ni tindikali inayounguza. Wanaoitumia kwa sabuni ya vyombo huipoza kwa soda ashi, ileile inayochimbwa Ziwa Magadi, na ikikosewa kipimo sabuni inabaki kali upande mmoja au mwingine. Vaa glavu na miwani, tumia ndoo ya plastiki, na siku zote mimina tindikali kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye tindikali.

Koroga polepole, acha ilale usiku kucha povu litulie, kisha pima kwa karatasi za pH. Ya mikono ikae kati ya 5.5 na 7. Ile amri ya kukoroga upande mmoja tu, ambayo kila mwalimu wa semina anaishikilia, si sheria ya kemia. Kinachosaidia ni upole, usiingize hewa.

23. Mtoto amekunywa!

Usimtapishe. Povu likipanda na kuingia kwenye mapafu ndiyo hatari kubwa. Futa mdomo, mpe maji kidogo anywe taratibu. Akikohoa mfululizo, akihema kwa shida, akitapika sana au akilegea, au kama hujui chupa ilikuwa na nini, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Ajali hizi huanzia kwenye kuweka sabuni ya rangi ya machungwa ndani ya chupa ya soda. Muuzaji akikupimia kwenye chupa ya soda, nenda na chupa yako.

24. Pilipili, samaki, grisi ya gari: mbona havitoki?

Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, kisha nawa kwa sabuni mara mbili. Usiguse macho hata baada ya hapo. Harufu ya samaki inakatwa na ndimu kabla ya sabuni. Kwa grisi, mafundi hunawa kwa petroli au mafuta ya taa, na mikono yao inaonyesha. Mafuta ya kupikia na sukari, yakisuguliwa pamoja kisha yakaoshwa kwa sabuni, huitoa bila kuchubua.

25. Nikinawa kwa sabuni, nimeshapata udhu wa mikono?

Usafi na udhu ni mambo mawili. Udhu una nia na mpangilio wake. Nawa kwanza kwa sabuni, suuza mpaka utelezi uishe, ndipo uanze udhu kwa maji.